Masikio Kwanza, Bunduki Baadaye

Mgeni wa Hell Let Loose, gemu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hufa bila kujua nani kamuua. Anatokea kwenye hema nyuma ya mstari, anakimbia mita mia tatu au nne kupitia mashamba ya Normandy, anasikia mlio mmoja mkavu, skrini inakuwa nyeusi. Hakuna marudio ya kumwonyesha risasi ilikotoka. Naye akifyatua, hakuna alama ya kumwambia kama amepata au amekosa. Atakisia mwenyewe kwa kuona mtu kaanguka au hakuanguka. Anarudi, anakimbia tena, anakufa tena, safari hii kwa mkono wa mwenzake aliyedhani ni Mjerumani. Saa moja ikipita, wengi huzima kompyuta na kwenda kulalamika kwamba gemu hii ni mbovu.

Siwalaumu. Gemu nyingi za vita hutengenezwa ili mchezaji ajione shujaa ndani ya dakika tano, na hii haina haraka ya kumsifu mtu. Lakini nimekaa nayo, pamoja na ndugu zake kama Squad na Arma 3, muda wa kutosha kuwajua wale wanaobaki. Wepesi wa vidole hauwasaidii sana. Wamejifunza kazi nyingine: kusikiliza, kusoma ramani, kusema kwa kipimo. Wachache wao wameifikisha kazi hiyo mahali ambapo mimi hupenda kunyamaza na kuwatazama tu. Ninaowasifu hapa ni maafisa, yaani viongozi wa vikosi vidogo vya watu sita, kwa sababu kwao ndiko ufundi wote wa gemu hizi unakokutana.

Uwanja wenyewe uko hivi. Kila pambano lina watu 100, 50 kila upande, wote ni binadamu walioketi majumbani mwao. Studio iliyoianzisha Hell Let Loose, Black Matter ya Australia, ilitoa toleo la awali tarehe 6 Juni 2019, miaka 75 kamili tangu majeshi ya Washirika yatue Normandy, na toleo kamili likafuata Julai 2021. Ramani zake zimefuata mahali halisi: Carentan, Foy, Stalingrad, Kursk, msitu wa Hürtgen. Kila moja ina upana wa takriban kilomita mbili na urefu kama huo, imegawanywa miraba 100, na kila mraba una jina la herufi na namba. Katika pambano la kawaida uwanja hukatwa vipande vitano. Kila upande unaanza na viwili, cha katikati hakina mwenyewe, na mna saa moja na nusu ya kugombea.

Ukoo wa gemu hizi ni mkongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwasilisha mchezo wa vita uliochezwa mezani, juu ya ramani, kwa vipande vya vikosi, dadu na mwamuzi. Uzuri wake ulikuwa kwa mwamuzi: aliwaonyesha wachezaji kile tu ambacho askari wao wangeweza kukiona, na mengine yote yakabaki gizani. Katika zama zetu njia ilifunguliwa mwaka 2001 na Operation Flashpoint ya Bohemia Interactive, studio ya Jamhuri ya Cheki, ambayo baadaye ilizaa programu za mafunzo zilizotumiwa na majeshi ya Marekani na Australia. Kisha wapenzi wengine wakaibadilisha Battlefield 2 na kuiita Project Reality, na baadhi yao ndio walioanzisha Squad huko Kanada. Basi, inatosha kwa historia.

Niongeze moja tu. Uhalisia wa macho umefika mbali kiasi kwamba mwaka 2022 Bohemia ililazimika kutoa maelezo ya kuwasaidia watu kutambua video za Arma 3 zilizokuwa zikisambazwa kama picha za vita vya Ukraine. Watu wazima, tena wengine waandishi wa habari, walidanganyika. Lakini uhalisia wa macho ndio ulio rahisi, maana kadi nzuri ya picha inaununua. Ule wa von Reisswitz, wa kuona kidogo na kuamua hata hivyo, hauuzwi popote, na ndio unaomtoa mgeni jasho.

Tuanze na kifo, kwa kuwa ndicho anachokijua mgeni zaidi. Katika Hell Let Loose kufa si hasara kubwa. Hasara ni pale unapofufukia. Makao makuu yako mwisho kabisa wa ramani, na anayetokea huko ana mwendo mrefu wa miguu mpaka kwenye mapambano, njia nzima akiwa shabaha. Ili watu warudi karibu, lazima mtu ajenge garisoni: hema dogo ambalo upande mzima unaweza kutokea hapo. Garisoni inahitaji vifaa 50, ambavyo hubebwa na mchezaji aliyechagua kazi ya ubebaji au hushushwa kutoka kwenye lori. Ndani ya ardhi ya adui gharama inapanda hadi 100. Upande mmoja haupewi zaidi ya garisoni nane, na kati ya moja na nyingine lazima pawe na mita 200. Wa kujenga ni kiongozi wa kikosi au kamanda wa upande mzima. Adui akisogea karibu mno hema linafungwa, na akilifikia analivunja.

Humo ndimo pambano zima lilimo. Nimeona upande wenye wadunguaji wa kutisha ukinyang'anywa kipande baada ya kipande kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekubali kuacha kupiga risasi kwa dakika tatu akajenge hema nyuma ya ua. Watu thelathini wanakimbia kutoka makao makuu, wanafika wawili wawili, wanauawa wawili wawili, na kila mmoja anaamini tatizo ni shabaha za wenzake. Upande wa pili wanatokea kumi kwa mpigo, mita 200 kutoka kwenye kanisa linalogombewa, mapafu yakiwa bado yana pumzi. Matokeo ya mwisho yanaandikwa na mtu ambaye hakuonekana, na mara nyingi katika orodha ya walioua wengi jina lake liko chini kabisa.

Afisa mmoja niliyecheza chini yake huko Sainte-Marie-du-Mont alikuwa wa aina hiyo. Tulikuwa upande wa Marekani, tunashambulia, na zamu ilikuwa imefika ya Brécourt. Hapo ni mahali penye historia: asubuhi ya 6 Juni 1944 Luteni Richard Winters na wanaume wachache waliizima kweli mizinga minne ya Wajerumani iliyokuwa ikiupiga ufukwe wa Utah. Katika gemu, kila mgeni anayefika Brécourt hutaka kuikimbilia mizinga moja kwa moja kupitia shamba la wazi. Na humo shambani ndimo anamolala.

Huyu bwana hakuanza na mizinga. Alianza kwa kuuliza kila mtu kama anasikika, halafu akauliza nani mgeni. Wawili wakajitaja. Mmoja akampa ubebaji wa vifaa, kazi ambayo wengi huidharau kwa sababu haina bunduki ya kujivunia, akamwambia kwamba kwa dakika tano zijazo yeye ndiye mtu anayetakiwa kuliko wote kikosini, kwa hiyo akae nyuma yake na asifyatue hata kitu. Akatutoa barabarani mapema, akatuzungusha pembeni.

Hapo lazima nieleze nyua za Normandy, maana bila hizo huwezi kuona alichokifanya. Mashamba ya kule yamezungukwa na matuta ya udongo yaliyojengwa na wakulima kwa karne nyingi, na juu ya tuta imeota miti na vichaka vilivyosongamana. Ukiwa shamba hili hulioni la pili. Mwaka 1944 vifaru vya Marekani vilikwama humo, mpaka Sajini Curtis Culin alipotengeneza meno ya chuma kutokana na vyuma ambavyo Wajerumani wenyewe walikuwa wamevipanda ufukweni kama vizuizi, yakafungwa mbele ya vifaru ili vipasue matuta. Gemu imelichukua jambo hilo kwa makini. Kila shamba ni chumba chenye kuta, na mlango wake ni kijia kimoja ambacho huenda kina mtu na rashasha anakungoja.

Afisa wetu alipita mlango mmoja, akauacha wa pili, akasimama kwenye kona ambapo nyua mbili zinakutana. Palikuwa na ghala zuri la mawe hatua chache mbele, na mgeni wa pili akauliza kwa nini tusijenge mle, tukapata ukuta. Akajibiwa kwa sentensi moja: kila adui anayepita hapa atachungulia ghalani, hakuna atakayechungulia kichakani. Sanduku la vifaa likashushwa, hema likasimama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alituambia tulale, tusifyatue, tusikilize.

Nusu dakika ni ndefu sana kwa mtu aliyelala chini ya ua huku vita vinanguruma. Lakini katika nusu dakika ile ramani ilijijaza yenyewe. Kushoto, mbali, bunduki za Garand zilikuwa zinalia: kikosi kingine cha kwetu. Mbele yetu kulikuwa na rashasha moja ya MG42, ile inayotema risasi kwa kasi ya kama 1,200 kwa dakika hadi mlio unakuwa kama wa kitambaa kinachopasuliwa. Ilikuwa ikitema kwa vipindi, ikielekea kushoto. Kulia kimya. Akaweka alama mbili kwenye ramani, akafungua njia ya sauti ya viongozi, akasema mahali garisoni ilipo kwa herufi na namba, akaongeza kwamba rashasha inatazama upande mwingine na kulia hakuna mtu. Hakusema zaidi. Dakika iliyofuata nilianza kuwasikia watu wakitokea nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine, wakipita kuelekea kulia bila kuuliza chochote.

Brécourt ilichukuliwa. Sina hakika kama yeye mwenyewe aliua mtu.

Masikio hayo hayaji siku moja. Kuna kanuni moja ambayo wanajeshi wa kweli hufundishwa na ambayo gemu kama Arma zimeijenga ndani yake. Risasi ya bunduki ya kivita inakwenda kasi kuliko sauti. Ikikupita karibu, kwanza unasikia mpasuko wa risasi yenyewe, kisha ndipo unafika mshindo wa bunduki iliyoifyatua. Mpasuko unakudanganya, maana unasikika kama umetoka ubavuni mwako. Mshindo ndio unaosema kweli kuhusu mwelekeo. Na muda kati ya viwili hivyo unasema umbali. Adui akiwa mita 300, sauti inahitaji karibu sekunde moja kukufikia na risasi inahitaji kama nusu yake, kwa hiyo pengo ni kama nusu sekunde. Mkongwe halihesabu pengo hilo. Analala chini, kichwa kinageuka chenyewe kuelekea pale panapostahili. Mgeni anageukia mpasuko, anampa adui mgongo.

Halafu kuna mlio wa Garand. Bunduki hiyo ya Marekani hupakiwa risasi nane kwa kibanio cha chuma, na ya nane ikitoka kibanio huruka kwa mlio mwembamba wa kengele. Kuna masimulizi ya zamani kwamba askari wa Kijerumani waliusubiri mlio huo ili wainuke na kushambulia. Wengi walioichunguza vita ile hawayaamini, kwa sababu katika kelele za vita vya kweli, na wenzako wanne wakiwa bado wana risasi, mlio huo haukusaidii kitu. Ndani ya chumba, kwenye gemu, na hedifoni nzuri masikioni, unasikika vizuri kabisa, na wapo wanaoishi kwa huo.

Kwa maoni yangu kusikia ni nusu tu ya ufundi. Nusu ngumu zaidi iko mdomoni. Afisa wa Hell Let Loose anasikia njia tatu za sauti kwa wakati mmoja: watu walio karibu naye wawe wa kikosi chake au la, kikosi chake mwenyewe, na maafisa wenzake pamoja na kamanda. Kila njia ina kitufe chake. Anaweza kuwa anamsikiliza kamanda akiomba walinzi, huku mtu wa kikosi chake anapiga kelele kwamba kapigwa, na mpita njia anamuuliza lori limeachwa wapi. Hapo ndipo utamjua fundi. Hajibu wote. Anajibu anayestahili, kwa maneno machache, na kitufe hakikosei.

Mgeni akimwona adui husema: huyo, huyo pale, ananipiga! Kisha ananyamaza, kwa kuwa keshakufa. Maneno yote hayo hayana mahali, hayana umbali, hayana idadi. Aliyefundishwa husema: watu wawili, nyuzi mia mbili na kumi, mita themanini, nyuma ya ghala. Mpangilio wa sentensi hiyo una akili. Ukifa baada ya maneno saba ya kwanza, wenzako tayari wana cha kufanyia kazi. Yule afisa wa Brécourt alipomsikia mgeni wake akipiga yowe hakumkaripia. Alimwambia atazame dira iliyo kwenye skrini amsomee namba. Kijana akasoma. Akaulizwa karibu na nini. Akasema karibu na kisima. Akaambiwa vizuri, siku zote hivyo hivyo, na kwa muda wote uliobaki yule kijana alikuwa anatoa taarifa kama mtu aliyezaliwa na redio mkononi.

Anayetazama bao la Kiswahili kwa mara ya kwanza huona kete zikizunguka tu, wakati fundi anaiona nyumba ya mwenzake itakavyoliwa mitaji mitatu mbele. Na bao halina kitabu ambacho wazee wanakugawia barazani. Unasimama nyuma ya bega la mtu, unatazama, siku moja unaambiwa ukae. Gemu hizi ziko hivyo pia. Ndani yake mafunzo ni haba kuliko inavyopaswa, na hilo ni kosa la watengenezaji ambalo mimi silitetei. Gemu inayogharimu fedha za mtu isitegemee hisani ya wageni wenzake kumweleza hema hujengwaje. Hisani yenyewe haipatikani kila siku. Kuna maafisa waliokichukua cheo kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine iliyobaki, hawana maiki, hawajengi, kikosi kinatawanyika ramani nzima. Kuna wengine wanaosema usiku kucha na yote ni matusi. Sava nyingi zimeweka kanuni kwamba asiye na maiki asiongoze kikosi, na baadhi humzuia mchezaji wa ngazi za chini kushika ukamanda. Kanuni hizo husaidia, ingawa haziwezi kumtengeneza mwalimu.

Kwenye mizinga mikubwa ya nyuma ufundi ni wa aina nyingine, wa mtu mpweke na hesabu zake. Mpigaji haoni anachopiga. Afisa wa mbele anaweka alama kwenye ramani, mpigaji anasoma umbali, kisha anautafuta kwenye jedwali linalogeuza mita kuwa mil, kipimo cha mwinuko wa mtutu. Kwa mizinga ya Marekani na Ujerumani, shabaha iliyo mita 1,000 inahitaji kama mil 764, na iliyo mita 1,600 kama mil 622. Maana yake kila mita 100 zinapunguza karibu mil 24. Wazoefu hawatazami jedwali tena. Wanauliza tu: imeangukia mbele au nyuma? Wakijibiwa nyuma kwa mita 50, wanapandisha mtutu mil 12 na kufyatua. Wengine huisifu sana kazi hii. Mimi naiona ina raha ya hesabu zaidi kuliko raha ya vita, na mpigaji asiye na afisa wa kumsomea mahali ni mpiga ngoma kwenye nyumba tupu.

Kuhusu vifaru nitasema kidogo: watu watatu ndani ya chuma, dereva anaona kupitia upenyo mdogo na kubadili gia mwenyewe, mpigaji haoni anakokwenda dereva, kiongozi ndiye macho ya wote. Watatu wasiozoeana huwa makaa ndani ya dakika kumi.

Kuna jambo linalonijia kila ninapowasikia maafisa hawa wakikata maneno yao. Vita ile wanayoiiga ilikuwa na Kiswahili chake. Askari wa King's African Rifles (KAR) waliposhuka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuwa watu wa makabila mengi chini ya maofisa Waingereza, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha jeshini, kile kilichoitwa KiKAR. Walimu wa lugha walikicheka. Kilikuwa kimevuliwa nusu ya sarufi yake, lakini kilifika haraka. Burma haimo katika Hell Let Loose, na sioni dalili kwamba kuna anayefikiria kuiweka. Ingewekwa, ningelipa tena bila kulalamika.

Sisi tunaocheza kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki tuna shida yetu ya ziada, nayo ni umbali. Sava zenye watu ziko Ulaya zaidi, na hata kwa nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa na Dar es Salaam tangu SEACOM ya mwaka 2009, ujumbe kwenda na kurudi unakula milisekunde mia moja na kitu. Kwenye gemu za kasi, za kugeuka na kufyatua, huo ni ulemavu. Unamwona mtu wakati yeye keshakuona, keshafyatua na keshaondoka. Katika gemu hizi za polepole umbali huo hauna makali hayo. Garisoni haijali kama taarifa yako imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, wala sauti yako haijali. Huenda ndiyo sababu vijana kadhaa ninaowajua, waliochoka kuonewa kwenye gemu za simu na za haraka, wamehamia huku na kukaa. Kinachowasumbua zaidi ni lugha, maana kwenye sava hizo Kiingereza ndicho kinachotawala na mtu anaona haya kufungua maiki. Hilo nalo lina dawa: taarifa ya adui ina maneno saba au manane, na ukiyajua hayo hakuna atakayekuuliza umesoma wapi.

Wapo wanaoniuliza kama si vibaya kusifu ufundi wa kuua, hata wa kuigiza. Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba katika saa zote nilizowatazama maafisa wazuri, sehemu kubwa ya walichokuwa wanafanya ni kumpeleka mtu sehemu sahihi, kumwambia aliyeogopa asubiri, kumtuma tabibu, kuomba vifaa, kukubali kwamba shamba fulani limepotea na kuwatoa watu kabla hawajaisha. Kufyatua ni kazi ndogo iliyobaki mwishoni. Gemu zinazomfanya mtu mmoja aue hamsini bila kukwaruzwa ndizo ambazo mimi sina hamu nazo.

Kwa hiyo kama unataka kujaribu, nisikilize kwa machache. Usichukue kazi ya mdunguaji, ingawa ndiyo inayovutia. Hakuna inayofundisha kidogo kama hiyo. Chukua ubebaji wa vifaa, mfuate afisa wako kama kivuli, na shusha sanduku pale anapokuambia. Washa maiki useme mapema kwamba wewe ni mgeni, kwa kuwa wanaopenda kufundisha hawawezi kukujua ukinyamaza. Ukikutana na afisa anayetukana, toka kwenye kikosi chake, vikosi viko vingi. Ukikutana na anayesema kidogo na kila anachosema kina namba ndani yake, baki naye mpaka pambano liishe, hata kama mnashindwa. Hedifoni nzuri zitakufaa kuliko kiti cha gharama. Na kabla hujalipa, soma mahitaji ya kompyuta kwa makini, maana laptop ya kawaida ya ofisini haitaiweza.